Kiraka kutoka Kajaani

Saa nne asubuhi, Oulu bado giza,
kahawa yangu ya pili imeshapoa,
nakuta mistari mia tatu na arobaini
inabisha hodi katika programu yangu.

Yangu, nasema, kwa mazoea tu.
Ni ya yeyote. Mlango hauna komeo,
msimbo uko wazi kama dirisha lisilo pazia,
ila kwa miaka kumi na mmoja mfagiaji ni mimi.
Kazi yake ndogo: unaiambia paa lina upana gani,
theluji ina kina gani, nayo inakuambia
ulale, au uwaamshe watu watoke.

Aliyeleta ni Ilmo Karppanen, fundi paa wa Kajaani.
Aliandika bila kujipamba:

"Kuandika programu sijui. Najua theluji.
Programu yenu inaihesabu theluji yote kuwa moja,
na theluji si moja. Ya Desemba ni unyoya;
ya Machi, iliyoyeyuka ikaganda tena, ni zege.
Jioni nne niliielezea akili unde, nayo ikaandika.
Nimesoma kila mstari kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Nimeelewa yote, isipokuwa wa mia mbili na kumi na mbili.
Hapo kuna namba: sifuri nukta tatu saba.
Nimeiuliza imeitoa wapi. Mara tatu nimeuliza,
mara tatu imejibu, kila mara kwa uhakika,
kila mara sababu nyingine.
Sikutaka kulificha hilo."

Majaribio yote yalipita. Kijani, kijani, kijani.

Niseme kweli: mwezi ule nilikwisha kupokea viraka kumi na tisa
vya watu wasiosoma walicholeta.
Msimbo laini, maelezo marefu yenye adabu tele,
na ukiuliza swali moja, mwenye kiraka hayupo,
au anakujibu kwa sauti ileile ya mashine.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga;
hawakusema kitu juu ya mgeni anayetuma kivuli chake.
Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kukataa.

Lakini "sikutaka kulificha."

Miaka kumi na mmoja napima uzito wa theluji
na sijapanda paa hata siku moja. Naogopa ngazi.
Namba zangu mwenyewe, zile za mwanzo,
nilizichota katika jedwali la kitabu cha chuo
ambalo nalo sikuliuliza limezitoa wapi.

Nikamjibu kwa maneno mawili: Una ndoo?

Kimya. Wiki, na wiki nyingine.
Januari ikapita, Februari ikapita,
nikasema moyoni: naye pia ni kivuli.

Mwisho wa Machi, ujumbe:
"Niwie radhi. Nilikuwa naisubiri theluji izeeke."
Na picha. Paa la chekechea. Ndoo nyekundu ya lita kumi
juu ya mizani ya jikoni ya mama mkwe wake.
Kilo nne na gramu mia sita.
Amepima mara tisa, pembe kwa pembe,
hesabu zote kwa penseli ya seremala
juu ya kipande cha ubao.

Sifuri nukta nne sita.

Nikalitia paa lile katika programu.
Kwa namba ya mashine: laleni.
Kwa namba ya ndoo: tokeni.

Nilimpigia simu, mara ya kwanza, sauti ikinitetemeka.
"Nimeshalipakua tangu jana," akasema.
"Lilikuwa linalia."

Kiraka nimekipokea. Juu ya mstari wa mia mbili na kumi na mbili
nimeandika chanzo: ndoo, lita kumi, Kajaani, Machi.
Nikamuuliza, na mashine je, niiweke kwenye orodha ya walioshiriki?
Akafikiri. Nikasikia koleo likikwaruza barafu.
"Iweke. Imefanya kazi.
Ila ndoo itangulie."